Kiraka kinashika vizuri, ila nguo inachanika pembeni yake. Kosa ni uzi, kiraka au kitambaa chenyewe?

#1 Mkasi_Mkali
Habari wadau. Hili ni la wanaojirekebishia nguo wenyewe badala ya kutupa na kununua nyingine.

Jinzi ikitoboka katikati ya mapaja, kiraka kinawekwa kwa ndani na kuzungushiwa mshono wa cherehani mara mbili. Kinakaa vizuri. Ila baada ya kufuliwa mara kadhaa unakuta kiraka kizima, uzi mzima, na jinzi yenyewe imechanika mstari ulionyooka kandokando ya mshono. Ukitia kiraka cha pili, mpasuko unahamia pembeni ya hicho cha pili.

Vipimo ni hivi: jinzi ya pamba yenye laikra (nyuzi zinazovutika) kidogo, kiraka kimekatwa kwenye jinzi nyingine nzito isiyovutika, uzi wa polista, sindano namba 100, urefu wa mshono milimita 1.5. Kosa liko wapi?

#2 BiPindo
Liko kwenye hiyo 1.5. Sindano namba 100 ina unene wa milimita 1. Ukitoboa kila baada ya milimita 1.5 unapata matundu sita hadi saba kwa kila sentimita, yote kwenye mstari mmoja. Umetengeneza karatasi ya stempu, inasubiri kuvutwa tu. Peleka mshono hadi 3 au 3.5, na mzunguko wa pili usipite juu ya wa kwanza. Uache nusu sentimita katikati.

#3 Mtande
Bi Pindo, kwa heshima zote, mshono mfupi unachangia ila chanzo ni kingine. Kiraka kizito kisichovutika kimeshonewa juu ya kitambaa kinachovutika. Mtu akichuchumaa, jinzi inanyumbuka kila mahali isipokuwa penye kiraka. Mvuto ambao ungegawanyika kwenye sentimita kumi unaishia wote ukingoni mwa kiraka. Ushahidi anao Mkasi_Mkali: ukingo ukihama, mpasuko nao unahama.

Tafuta kiraka chepesi kidogo kuliko nguo, chenye kuvutika upande uleule. Kikate pembe za mviringo, maana pembe kali ndipo mpasuko unapopenda kuanzia.

#4 BiPindo
> Ushahidi anao Mkasi_Mkali: ukingo ukihama, mpasuko nao unahama

Na kiraka cha pili kimeshonwa kwa 1.5 ileile! Matundu nayo yamehama pamoja na ukingo. Hapo hujathibitisha kitu, Mtande.

#5 Kastabini
Wote wawili mnajadili kiraka, nguo yenyewe hakuna aliyeiangalia.

Tundu la sentimita 2 halikai peke yake. Limezungukwa na eneo lililolika ambalo bado linaonekana zima. Kitanue kitambaa mbele ya dirisha au taa: pale mwanga unapopenya kuliko kwingine ndipo palipochakaa. Zungushia chaki. Kisha ongeza sentimita 2 kila upande, na hapo ndipo ukingo wa kiraka unapotakiwa kufika. Mshono ukikaa ndani ya duara la chaki, umeushikiza kwenye kitambaa kilichokwisha kufa, na hakuna uzi wala sindano itakayokuokoa.

Kwenye jinzi dalili inaonekana hata bila taa. Nyuzi za mtande, zile za wima, ni za buluu. Za mshindio, za mlalo, ni nyeupe. Ufumaji wa kawaida wa jinzi unaupitisha uzi wa buluu juu ya nyeupe tatu na chini ya moja, kwa hiyo buluu ndiyo iliyo nje na ndiyo inayosuguliwa kwanza. Ukiona weupe unatawala mahali, nusu ya kitambaa imeshaondoka. Huo ndio wakati wa kutia kiraka, kabla ya tundu.

#6 NyuziTatu
Mimi nasimama na mafundi wa zamani: uzi usiwe imara kuliko nguo. Polista haikatiki, pamba iliyochakaa inakatika. Nguvu ikija lazima kimoja kiachie. Ukishonea uzi wa pamba, utakatika uzi, nao unashonwa upya kwa dakika tano. Ukishonea polista, kinachokatika ni kitambaa, na hicho hakirudi.

#7 BiPindo
NyuziTatu, jinzi nyingi zinatoka kiwandani zimeshonwa kwa uzi wenye kiini cha polista kilichovikwa pamba, tena mnene. Mbona mishono ya kiwandani haikati suruali? Kwa sababu ina urefu wa milimita 3 hivi na imepita kwenye kitambaa kilichokunjwa tabaka kadhaa. Uzi hauna kesi hapa.

#8 NyuziTatu
Mishono ya kiwandani ilipita kwenye kitambaa kipya. Sisi tunaongelea kitambaa cha miaka. Kesi bado ipo mezani.

#9 Mkasi_Mkali
Asanteni. Kipimo cha Kastabini kimefanyika sasa hivi: eneo linalopitisha mwanga ni sentimita 9 kwa 7. Kiraka cha kwanza kilikuwa 5 kwa 5.

#10 Kastabini
Basi mshono wote ulikuwa ndani ya eneo bovu. Kiraka sahihi hapo ni 13 kwa 11.

#11 Mtande
13 kwa 11 cha jinzi nzito, katikati ya mapaja? Kastabini unataka mtu atembee na ubao! Ukubwa nakubali, ila uzito upungue: kitambaa cha shati zito au cha suruali nyembamba kinatosha, kwa sababu kazi ya kiraka cha ndani ni kubeba nyuzi zilizochoka, haitakiwi kuwa ngozi mpya.

#12 Pasi_Moto
Kuna kitu mmekiruka: laikra. Ni nyuzi nyembamba za kutengenezwa zinazovutika kama mpira, ndani ya pamba, na adui yake ni joto. Maji ya moto, mashine ya kukausha na pasi kali vinaifanya ikatike vipandevipande. Angalia mahali palipochanika: ukiona vijinywele vyeupe vinavyovutika vimechomoza, laikra imeshakufa hapo. Kitambaa hicho kikivutwa hakirudi, kinabaki kimelegea, kinajikunja na kujisugua chenyewe. Hata kiraka kikishonwa na malaika kitachanika pembeni.

Fua nyuzi joto 30, geuza ndani nje, anika kivulini. Pasi iwe ya nukta moja hadi mbili (zile alama za joto kwenye pasi). Nukta moja ni takriban nyuzi 110, mbili ni 150, tatu ni 200. Tatu ni ya pamba tupu na kitani, jinzi ya laikra isiifikie.

#13 Sindano77
Nyongeza kuhusu sindano. Chukueni namba kubwa, ndiyo nyembamba, matundu yatapungua.

#14 Kastabini
Hapana, hiyo ni sindano ya mkono. Za mkono namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba: namba 10 ni nyembamba kuliko namba 5. Za cherehani ni kinyume: namba ya kwanza ni unene kwa sehemu mia za milimita, kwa hiyo 70 ni milimita 0.7 na 110 ni milimita 1.1. Pakiti inaandikwa namba mbili, mfano 90/14, mifumo miwili ya sindano ileile.

Kwa jinzi nyepesi 90/14 inatosha. Nzito, au pale mishono inapokutana, 100/16. Fulana na kila kinachovutika kinataka sindano ya ncha ya mviringo, ambayo inasukuma vitanzi pembeni badala ya kuvichoma. Na hapa ndipo hoja ya Bi Pindo inapohitaji marekebisho: sindano nzima haikati nyuzi, inapenya katikati yake. Inayokata ni iliyobutuka au kupinda ncha. Ukisikia kishindo "tap tap" kila inapotoboa, badilisha.

#15 Ushungi
Na sisi tusio na cherehani? Kila mtu hapa anaongelea milimita za mashine.

#16 Mtande
Ushungi, dada yangu, kwa kazi hii mkono unaishinda cherehani, kwa sababu mguu wa suruali ni bomba na cherehani ya kawaida inabanana humo. Utaratibu:

Fua kwanza nguo na kitambaa cha kiraka, vyote viwili. Pamba mpya hurudi ikifuliwa. Kiraka kikirudi baada ya kushonwa kitaikunja nguo kama pochi. Kwenye tundu, punguza vinyweleo vilivyolegea tu. Zile nyuzi nyeupe za mlalo zilizobaki usizikate! Ndizo zinazolishikilia tundu umbo lake. Ukizikata tundu linafumbuka na huwezi tena kulirudisha kwenye ukubwa wake.

Linganisha mtande wa kiraka na mtande wa jinzi, wima kwa wima. Usipojua upi ni upi, vuta pande mbili: unaogoma kuvutika mara nyingi ndio mtande.

Tandika ubao mwembamba au gazeti lililokunjwa ndani ya mguu ili usishone pande zote mbili pamoja. Kisha piga bandi (mshono wa muda) kiraka kwa uzi wa rangi nyingine, kikiwa kimelegea kidogo. Kikivutwa kikakaza, kitaanza kubeba nguvu peke yake siku ya kwanza.

Sasa safu. Shona mistari ya wima kufuata mtande, mshono wa milimita 3 hadi 4, nafasi ndogo kidogo kuliko mshono, safu moja na nyingine zikiachana milimita 5. Kila unapogeuza mwisho wa safu acha kijitanzi cha uzi milimita 2 au 3. Nguo itavutika na kurudi, uzi nao upate pa kuchezea. Na hili ndilo la msingi kwa tatizo la #1: safu zisiishie mstari mmoja. Moja ipite ukingo wa kiraka kwa sentimita 1, inayofuata kwa moja na nusu, nyingine kwa nusu. Hapo hakuna mstari ulionyooka wa kuchanika.

Njia ya safu ni ya kale. Wajapani wanaiita sashiko, na kaskazini mwa nchi yao, ambako baridi hairuhusu pamba kuota, waliitumia kuunganisha tabaka za katani (hemp, si mkonge) na vipande vya pamba mpaka nguo moja ikarithiwa.

#17 Kastabini
Nakazia #16 na kuongeza kimoja. Katikati ya mapaja vinakutana vipande vinne vya suruali na mishono minene. Usikate kiraka kimoja kuvuka yote. Kata vinusu mwezi viwili, kimoja kwa kila mguu, kila kimoja kiishie kwenye mshono mnene bila kuupanda. Ukiupanda, unavunja sindano na unaacha nundu inayosugua ngozi. Kastabini (kile kikofia cha kidole cha kushonea) ivalishwe kidole cha kati, hicho ndicho kinachosukuma.

#18 Ushungi
Asante sana, hii imeeleweka. Mbona uzi unajifunga mafundo katikati ya kazi?

#19 NyuziTatu
Mrefu mno. Sentimita 45 hadi 50 zinatosha, yaani kutoka ncha za vidole hadi kiwiko na kidogo zaidi. Kila ukivuta, uzi unajizungusha. Ukiwa mrefu mzunguko unajikusanya. Acha sindano ining'inie mara mojamoja ijifungue. Paka nta ya nyuki, kisha pitisha uzi chini ya pasi ya moto ndani ya karatasi ili nta iingie. Kwa pamba hilo linasaidia sana.

#20 Pasi_Moto
Na tunga sindano kwa ncha iliyotoka kwanza kwenye kibiringo, fundo liwe upande ulikokata. Uzi unapita ukifuata msokoto wake.

#21 BiPindo
Hilo la ncha linategemea uzi. Kwa polista ya kisasa iliyosokotwa vizuri tofauti haionekani. Urefu ndio kila kitu.

#22 SoksiMoja
Samahani kwa kuingilia mjadala wa jinzi. Soksi za sufu zikitoboka kisigino, kiraka kinaumiza mguu. Inafanywaje?

#23 Kastabini
Soksi haitiwi kiraka, inasukwa upya. Ingiza kitu kigumu cha mviringo ndani ili kisigino kikae umbo lake bila kuvutwa. Anza sentimita 1 nje ya tundu, kwenye kitambaa kizima. Pitisha nyuzi za wima sambamba, zikiachana unene wa uzi mmoja, kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha ingia kwa mlalo: juu ya mmoja, chini ya mmoja, na safu inayofuata kinyume chake. Sukuma kila safu kwa ncha ya sindano ikae karibu na mwenzake. Sindano butu ndiyo inayofaa, ncha kali inapasua uzi.

Hakuna fundo mahali popote. Anza na malizia kwa mkia wa sentimita 5 uliofichwa ndani ya vitanzi. Fundo kisiginoni ni lengelenge. Uzi uwe unene wa soksi au mwembamba kidogo, na sufu yenye nailoni inadumu kuliko sufu tupu.

#24 Mtande
Msuko huo hauvutiki lakini, na soksi inavutika. Ndiyo maana soksi nyingi zilizosukwa hivyo zinatoboka pembezoni mwa msuko. Tatizo lilelile la #1! Bora kuwahi: sehemu ikianza kuwa nyembamba, fuata vitanzi vya zamani kwa uzi mpya kimoja baada ya kingine, juu yake kabisa. Inavutika kama mwanzo. Sharti vitanzi viwe bado vipo.

#25 Kastabini
Sahihi ukiwahi. Tundu likishakuwa tundu hakuna vitanzi vya kufuata. Na ukianza sentimita 1 nje kama nilivyosema, pembezoni hapatoboki haraka.

#26 Sindano77
Waliojua haya walikuwa kizazi cha vita. Uingereza 1939 nguo zilikuwa kwa mgao, usiporekebisha unatembea uchi.

#27 NyuziTatu
Vita vilianza 1939, mgao wa nguo ulianza tarehe 1 Juni 1941 na ukaisha Machi 1949. Kwa hiyo miaka minne karibu ya mgao ilikuwa baada ya vita.

Ila kama ni historia, iliyo karibu na mada ni misumari ya shaba kwenye mifuko ya jinzi. Jacob Davis alikuwa fundi cherehani, akaona suruali za vibarua zinachanika pembe za mifuko, akapigilia misumari hiyo hapo. Yeye na mfanyabiashara Levi Strauss walipata hataza (haki ya uvumbuzi) tarehe 20 Mei 1873. Hakuongeza uzi wala kiraka, alizuia mshono usifumuke pale nguvu inapoishia.

#28 BiPindo
Na pembeni ya ule msumari ndipo mfuko unapochanikia jinzi ikizeeka. Mtande atafurahi kusikia.

#29 Mtande
Nimefurahi sana.

#30 Ushungi
Fulana zinatoka vitundu vidogovidogo mbele, usawa wa kitovu. Ni nondo?

#31 Pasi_Moto
Sio nondo. Kiwavi wa nondo anakula sufu, manyoya, hariri, vitu vyenye asili ya mnyama. Pamba safi haina chakula chake. Usawa wa kitovu ni kifungo cha suruali na bizimu ya mkanda vinavyosugua fulana ukiegemea meza au sinki.

#32 SoksiMoja
Au zipu zilizoachwa wazi ndani ya mashine ya kufulia. Zinakwangua kila kitu.

#33 NyuziTatu
Zipu ingetoboa mgongoni pia. Fulana za siku hizi ni nyembamba, uzi mmoja ukikatika kitanzi kinafumuka, basi.

#34 BiPindo
Chochote kilichotoboa, dawa ni moja. Usivute ukakunja tundu. Geuza ndani, chukua uzi mmoja mwembamba, dondoa kila kitanzi kilichofumuka kuzunguka tundu, vyote bila kuacha hata kimoja, kisha vuta pole hadi vikutane tu. Ukikaza kunatokea chunusi. Kitanzi kimoja kilichoachwa kitateremka na kuacha ngazi hadi chini. Tundu likizidi milimita 5, weka kwa ndani kipande cha kitambaa cha gundi cha kupigia pasi, chenye kuvutika, kisha ndipo udondoe.

#35 Mkasi_Mkali
Kabla sijaanza upya: kifungo cha jinzi hiyohiyo kinalegea, ni cha kushona, cha matundu manne. Mishono sambamba au msalaba?

#36 NyuziTatu
Sambamba. Msalaba unapanda katikati, unasuguliwa na kukatika upesi.

#37 Kastabini
Msalaba unagawa nguvu pande nne, na kifungo chenye kingo zilizoinuka kinauficha uzi usisuguliwe. Ila la maana zaidi ni shina. Laza njiti ya kiberiti juu ya kifungo, shona juu yake mara nne kwa kila jozi ya matundu kwa uzi uliokunjwa mara mbili, chomoa njiti, vuta kifungo juu, zungusha uzi chini yake mara sita, kisha funga kwa nyuma. Shina lilingane na unene wa upande unaofungwa. Jinzi ni nene. Kifungo kilichobanwa bila shina ndicho kinachong'oka na kipande cha kitambaa. Nyuma weka kipande kidogo cha kitambaa kizito, sentimita 2 kwa 2.

#38 Mtande
Kipande hicho pembe zake ziwe za mviringo.